Nyumba na Vyombo: Mashine Iliyolala Isiamke

Safu hii imekwisha kuzungumza juu ya majiko, pasi na cherehani, na wapo walioniandikia kuniuliza kwa nini siwakumbuki wale wenye kompyuta za kupakata. Nilikuwa nikisita, kwa kuwa chombo hicho kina mambo mengi na nafasi ya ukurasa ni ndogo. Lakini hivi karibuni nilikuwa mgeni katika nyumba ya askari mwenzangu huko Nyamyumba, na niliyoyaona pale yameniondolea kusita.

Nyamyumba ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, mahali ambapo barabara hushuka mpaka ukingoni mwa Ziwa Kivu, karibu na kiwanda cha bia na chemchemi za maji ya moto. Usiku taa za wavuvi wa sambaza huonekana juu ya maji, na alfajiri huwasikia wakirudi. Mwenye nyumba hakuwapo. Yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati katika kikosi cha kulinda amani, ambako Rwanda imekuwa ikipeleka askari wake tangu mwaka 2014. Nyumbani amebaki mkewe na binti yao anayesoma sekondari, na kati yao na yeye kuna kompyuta moja tu ya kupakata, ambayo kila Jumapili jioni huwaonyesha uso wa baba.

"Shemeji, umekuja na baraka," mama wa nyumba aliniambia hata kabla sijaketi. "Mashine ya kaka yako inakufa kila ikilala. Usiku naifunga ikiwa nzima, asubuhi naifungua nakuta kioo cheusi. Na mara nyingine tunazungumza naye, uso wake unaganda, kioo kinazimika, kinawaka tena, kisha yanatokea maneno juu ya rangi ya buluu."

Alikuwa ameipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi huyo aliifungua kumbukumbu ya makosa ya mashine, akamwonyesha mstari ulioandikwa Hardware error, akasema kuwa maana yake ni kwamba kifaa cha picha kimekufa, kwa hiyo ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, hauna budi kubadilishwa. Bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya thamani ya mashine yote. Mama alikuwa tayari amekwisha kuanza kuziweka kando fedha za karo.

Mimi si fundi wa kompyuta. Nilikuwa askari wa mawasiliano, na kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa redio za kikosi. Huko tulifundishwa kwamba redio inaponyamaza, hufungui kisanduku chake mpaka uwe umekwisha kutazama betri, kisha waya, kisha antena, kwa utaratibu huo, na kila hatua uiandike. Nilimwomba mama anipe karatasi na kalamu, na anipe jioni moja kabla ya kutoa hata faranga.

Jambo la kwanza halikuwa kutibu, bali kulinda. Kompyuta nyingi za miaka hii, mtu anapoingia mara ya kwanza kwa akaunti yake ya Microsoft, huifunga diski kwa fumbo bila mwenyewe kujua. Ufunguo wa fumbo hilo hushikwa na chipu iliyomo katika ubao mkuu. Ubao ukibadilishwa, diski haimtambui bwana mpya; huuliza namba ya tarakimu 48, na asiyekuwa nayo hapati kitu tena: barua, hati, picha, vyote hubaki ndani kama mali katika sanduku lililozama. Nilimwuliza mama kama fundi alimtajia namba hiyo. Hakuitajia. Katika diski ile mlikuwa na picha za marehemu mama yake, ambazo hazipo mahali pengine popote duniani.

Kwa hiyo tulianza hapo. Binti aliingia katika akaunti ya baba yake kwa simu, akaifikia sehemu ya vifaa, akaikuta namba, akainakili kwa mkono wake katika vipande vinane vya tarakimu sita sita. Karatasi ile ikawekwa katika kopo la vyeti. Kisha tukanakili picha zote katika flashi. Nawasihi wasomaji, hata kama kompyuta zenu hazina ugonjwa wowote, fanyeni hayo leo kabla ya kulala.

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Asubuhi iliyofuata mashine iliamshwa, na kama ilivyosemwa, kioo kilikuwa cheusi ilhali taa ya umeme inawaka na feni inavuma. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, lakini kioo cheusi si jibu, ni swali. Yako mambo manne yawezayo kutokea: mashine nzima imeganda, au mashine ni nzima lakini kifaa cha picha hakijaamka, au picha ipo lakini taa ya nyuma ya kioo imekufa, au waya wa kioo umelegea. Kila moja lina namna yake ya kupimwa, wala hakuna linalohitaji bisibisi.

Nilibonyeza kitufe cha Caps Lock. Taa yake ndogo ikawaka. Nikabonyeza tena, ikazimika. Basi mashine ilikuwa hai, inasikia na kutii. Ingekuwa imeganda, taa hiyo isingejibu. Nikachukua tochi nikaimulika kwenye kioo kwa upande, kwa maana taa ya nyuma ikifa, picha hubaki pale kwa ufifi na tochi huionyesha. Sikuona kitu. Nikaunganisha waya wa televisheni ya sebuleni. Nako kukawa kweusi. Kama televisheni ingeonyesha picha, lawama ingekiangukia kioo au waya wake. Kwa hiyo tulikuwa tumebakiwa na moja: mashine iko macho, kifaa cha picha hakijaamka.

Hapo nikabonyeza vitufe vinne pamoja: kile chenye alama ya dirisha, Ctrl, Shift na herufi B. Huo ni mwito ambao Windows imeuweka kwa ajili ya jambo hili hasa, yaani kukiambia kifaa cha picha kianze upya bila kuizima mashine. Ikasikika sauti fupi, kioo kikapepesa, na picha ya ziwa ambayo binti ameiweka nyuma ya kioo ikajitokeza yote. Mama alipiga makofi. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine: kifaa kilichokufa hakifufuki kwa vitufe vinne.

Hapana budi nieleze hapa kilicho kati ya Windows na kifaa cha picha, maana bila ya kukifahamu, mengine yote yatakuwa uganga. Ndani ya kompyuta imo chipu ambayo kazi yake ni kuchora kila kitu unachokiona. Chipu hiyo ina lugha yake, na kila kampuni ina lugha yake, hata kila toleo la chipu lina lahaja yake. Windows haizijui lugha hizo. Kwa hiyo huwekwa katikati mkalimani, programu ndogo iitwayo draiva. Watu wa Gisenyi, wanaoishi na mpaka mlangoni, wanajua vizuri taabu ya mkalimani mbaya: wawili wenye nia njema wanaweza kuondoka wamegombana kwa sababu ya yule wa katikati.

Zamani mkalimani huyo aliponyamaza, mashine nzima iliganda mpaka uzime umeme. Tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa watu wote mwezi wa Januari 2007, umewekwa utaratibu mpya. Windows huipa chipu kazi na kuihesabia sekunde 2. Isipojibu, humfukuza mkalimani na kumwita upya; kioo hugeuka cheusi kwa kitambo, kisha hurudi. Jambo hilo likirudiwa zaidi ya mara 5 katika dakika moja, au mwito wenyewe ukishindikana, Windows husimamisha kazi zote na kutoa ule ukurasa wa buluu, ambao katika Windows 11 ulibadilishwa rangi mwaka 2025 ukawa mweusi. Ndiyo maana uso wa baba uliganda, kioo kikazimika, kikarudi. Mazungumzo ya picha huitumikisha sana chipu hiyo, kwa kuwa ndiyo inayozifungua picha zinazopokelewa.

Na sasa ule mstari wa fundi. Kila chipu ya picha inapokosa kujibu, Windows huandika katika kumbukumbu zake maneno Hardware error, na chini yake neno LiveKernelEvent pamoja na namba, aghalabu 141 au 117. Maneno hayo ya kwanza humfanya msomaji adhani kuwa chuma kimevunjika. La hasha. Yanasema tu kwamba kifaa hakikujibu kwa wakati. Kama ni kwa sababu kimeungua, au kimepata joto, au mkalimani wake amepotosha maneno, mstari huo haujui wala hausemi. Fundi yule, sidhani alikuwa mwizi. Alisoma maneno mawili akaacha kusoma.

Yuko shahidi bora zaidi ndani ya mashine hiyo hiyo. Andika neno reliability mahali pa kutafutia, na utaletewa kalenda ambayo kila siku ina safu yake: makosa yamewekewa alama nyekundu, na yale yaliyoingizwa au kubadilishwa siku hiyo yameandikwa chini. Tuliifungua na binti. Kwa miezi mingi kulikuwa kweupe. Kisha siku moja ya Jumatano alama nyekundu zikaanza, na tangu hapo hakuna juma lililopita bila ya kuwa nazo tatu au nne. Tukatazama siku iliyotangulia. Jumanne usiku Windows ilikuwa imejiletea yenyewe toleo jipya la draiva ya picha.

"Kumbe haikuugua, baba mdogo," binti alisema. "Ililishwa."

Windows hufanya hivyo kwa nia njema, lakini draiva inayoletwa huwa ni ya chipu kwa jumla, ilhali waliotengeneza kompyuta yako huenda walikwisha kuirekebisha ya kwao iafikiane na kioo, betri na namna ya kulala ya mashine ile hasa. Katika kompyuta nyingi za kupakata taabu huwa kubwa zaidi kwa sababu zina chipu mbili za picha: ndogo iliyomo ndani ya prosesa, kwa kazi za kila siku, na kubwa ya kando kwa kazi nzito. Ile kubwa huzimwa na kuwashwa mara kwa mara hata wewe ukiwa kazini, ili betri isiishe upesi. Wakalimani wawili, na mmoja wao anaamshwa na kulazwa kutwa kucha.

Dawa yenyewe haikuchukua dakika kumi. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi X, chagua Device Manager, fungua palipoandikwa Display adapters, na utaona chipu moja au mbili. Iguse kwa kipanya ile ambayo draiva yake ilibadilishwa, fungua sifa zake, nenda sehemu ya Driver, na pale pana kitufe cha Roll Back Driver, yaani mrudishe mkalimani wa zamani. Kwetu kitufe kilikuwa hai. Kikiwa kimefifia, maana yake draiva ya zamani haikuhifadhiwa. Basi tazama chini ya tumbo la kompyuta, soma jina na namba ya toleo, uende katika ukurasa wa kampuni iliyoitengeneza, uchukue draiva waliyoiweka wao. Usichukue mahali pengine. Ziko programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja; nyingi katika hizo huingia na uchafu ambao utakushughulisha kuliko ugonjwa wa kwanza.

Na kama mashine inaanguka hata kabla hujafika huko, iwashe katika hali ya usalama. Shika kitufe cha Shift huku ukichagua Restart, fuata maelezo ya ukarabati mpaka ufike kwenye mipangilio ya kuwashia, kisha ubonyeze namba 4. Katika hali hiyo Windows haimtumii mkalimani wako kabisa; huchora picha kwa namna ya kikwao, polepole na kwa ukubwa usiopendeza, lakini hutosha kumwondoa mbaya na kumwingiza mwema. Hapo mashine yaweza kukuuliza zile tarakimu 48. Sasa mwajua kwa nini tuliziandika kwanza.

Kuna jambo moja lililomchukiza sana mama nilipomweleza, na nadhani litawachukiza wengi. Kwa majuma matatu alikuwa akiizima kompyuta kila usiku na kuiwasha asubuhi, akiamini kuwa anaianza upya. Hakuwa akifanya hivyo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huhifadhi kiini cha Windows, pamoja na draiva zake, katika diski, ili kesho kiwake upesi. Yule mkalimani aliyechanganyikiwa alikuwa akilazwa na kuamshwa na kuchanganyikiwa kwake kule kule. Anayetaka kuanza upya kwa kweli hana budi kuchagua Restart. "Kuzima si kuzima!" mama alisema, na kwa kweli sikuwa na la kumjibu.

Tulikaa siku mbili. Kalenda ikabaki nyeupe, kioo hakikuganda tena. Lakini asubuhi ya tatu mama alinijia na kompyuta mkononi. Ilikuwa imefungwa usiku ikiwa ndani ya mfuko wake, betri imejaa. Sasa ilikuwa ya moto kama sufuria, na betri imebaki kidogo mno.

Nikatambua kwamba tulikuwa na magonjwa mawili yaliyovaa nguo moja. Kioo cheusi cha asubuhi zile za kwanza hakikuwa siku zote kwa sababu ya draiva. Asubuhi nyingine betri ilikuwa imekauka tu. Na hata sisi askari wa zamani tulikuwa tumeyahesabu kuwa ni kitu kimoja.

Kulala kwa kompyuta si kwa namna moja. Namna ya kale ni kama askari aliyekwisha zamu: kila kitu huzimwa, prosesa, feni, chipu ya picha, na hubaki umeme mdogo tu wa kuishikilia kumbukumbu. Namna mpya ilianza na Windows 8 na kuenea pamoja na Windows 10 ya mwaka 2015. Hiyo ni kama mlinzi anayeketi na kufumba macho huku bunduki iko mapajani. Kioo kimezimwa, lakini mashine yaweza kuinuka mara kwa mara kupokea barua, kutazama mtandao, hata kuleta matoleo mapya, kama simu ifanyavyo. Katika kompyuta nyingi zilizotengenezwa miaka ya karibuni namna ya kale haimo tena. Mambo yakienda vizuri hutaona tofauti. Yakienda vibaya, draiva moja ikikataa kutulia, mlinzi hukesha usiku kucha ndani ya mfuko usio na hewa.

Kujua yako ni ya namna gani, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /a. Ikikujibu kuwa ina S3, ni ya kale. Ikitaja S0 Low Power Idle, ni mpya. Ya Nyamyumba ilikuwa mpya. Kwa mashine za namna hiyo kuna amri nyingine, powercfg /sleepstudy, ambayo huandika ripoti ya siku chache zilizopita: saa ngapi mashine ililala, betri kiasi gani iliteketea, na ni kifaa gani kilichoikesheza. Dirisha la amri lifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, vinginevyo ripoti haitatoka. Ripoti yetu ilitaja kifaa cha mtandao usio na waya. Tungeweza kuendelea kuwinda huko, lakini nilichagua njia fupi zaidi.

Njia hiyo ni usingizi wa aina nyingine ambao Windows huuita Hibernate. Kila kilichomo katika kumbukumbu huandikwa katika diski, kisha mashine huzimika kabisa, haili umeme wala haipati joto. Huchelewa kidogo kuamka, na hula nafasi ya diski kwa gigabaiti kadhaa. Huo ndio ushuru wake. Tuliiruhusu kwa amri powercfg /hibernate on, kisha katika mipangilio ya umeme tukabadilisha maana ya kufunga kifuniko: badala ya kulala, iwe kuhifadhi na kuzimika. Usiku ule iliingia mfukoni na asilimia 90, na asubuhi ikatoka na 90.

Jambo hili lilinikumbusha mashine ndogo za kijani na nyeupe walizogawiwa watoto wa shule za Rwanda katika mpango ulioanza mwaka 2008, ambazo hatimaye zilipita laki moja. Zile zilikuwa na chipu ya kando ambayo kazi yake ilikuwa kuishikilia picha juu ya kioo ilhali prosesa imelala. Mtoto akisoma ukurasa wake, mashine ilikuwa usingizini na maandishi yako pale pale. Waliozibuni walifikiri tangu mwanzo juu ya nyumba ambayo umeme haupo kila saa, na mpaka leo hilo lanipendeza, ingawa mashine zenyewe zilikuwa na polepole yake.

Hatukuacha kutazama joto. Nyamyumba i ziwani, na ziwa lenyewe liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika sita, na feni ile ile huchukua joto pungufu kwa kadiri hiyo. Si neno kwa mashine safi. Lakini binti alikuwa akisomea kitandani, kompyuta imezama katika blanketi na matundu yake yamezibwa, na nilipofungua tumbo lake nikakuta vumbi limejitandaza mbele ya feni kama kitambaa. Nikalitoa kwa brashi laini, feni imeshikwa kwa kidole isizunguke. Chipu yenye joto hujipunguzia mwendo, na chipu iliyojipunguzia mwendo huweza kukosa kujibu katika zile sekunde 2.

Haifai nimfiche msomaji kwamba wakati mwingine fundi huwa na haki. Tarehe 2 Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta za kupakata, kwa sababu vitu vilivyotumika kuzifunga vilikuwa dhaifu na vilivunjika kwa kupashwa joto na kupoa. Mashine za aina hiyo zilizagaa ulimwenguni, na kwetu ziliingia kama mitumba. Mafundi walizipuliza kwa hewa ya moto, zikafufuka kwa siku kadhaa, zikafa tena. Kwa hiyo kama umerudisha draiva, umesafisha feni, na bado picha huvunjika vipande au huwa na mistari hata katika maandishi ya kwanza kabisa ya kuwashia, kabla Windows haijaanza, basi huyo si mkalimani, maana wakati huo mkalimani hajafika kazini. Kipimo kingine ni kuiwasha mashine kwa Linux iliyo katika flashi, bila kuiingiza katika diski, na kuitumikisha kwa saa nzima. Ikianguka huko pia, nenda kwa fundi, na karatasi yako ya majibu mkononi. Ila mwulize kwanza juu ya diski.

Mama alitaka kujua amwambie nini fundi wa mjini, aliyekuwa akipiga simu kuuliza kama ubao aagize. Nilimshauri ampelekee ile karatasi bila maneno mengi. Alikwenda nayo siku ya soko. Aliporudi alisema kuwa fundi aliisoma mara mbili, akaomba ainakili, hakudai kitu.

Jumapili saa moja jioni walikaa wote mbele ya kioo, na mimi nyuma yao. Uso wa baba ukatokea, umechomwa na jua, kofia ya buluu iko mezani karibu yake. Walizungumza dakika arobaini na picha haikuganda hata mara moja. Mama alikuwa amejiandaa kumsimulia habari yote ya mkalimani na mlinzi, lakini hakupata nafasi, kwa kuwa mume alitaka kwanza kujua kama mbuzi amekwisha kuzaa, na alipoambiwa kuwa amezaa mapacha, akasema waletwe mbele ya kioo awaone.